Sura ya Sita: Nani Anakula Luku?

Ugomvi wa luku kwenye maduka yetu una mshtakiwa mmoja wa kudumu: chaja ya simu. Mwenye duka anafika asubuhi, anakuta simu tatu za vijana zimechomekwa ukutani, na salamu haijaisha anaanza, "Ndiyo maana luku haikai hapa!" Vijana wanachomoa. Pembeni friji la soda linanguruma, mgongo umebanwa ukutani, jua linalipiga kiooni, na hakuna anayeligeukia.

Tuifungue kesi hiyo kwa hesabu. Betri ya simu ya siku hizi ni ya 5,000 mAh. Kuijaza kutoka sifuri, pamoja na umeme unaopotelea kwenye chaja yenyewe, ni kama wati 25 kwa saa moja, yaani sehemu moja ya arobaini ya uniti. Kwa bei ya umeme wa biashara hiyo ni shilingi 9. Simu tatu kila siku ya kazi, mwezi mzima, hazifikishi shilingi 1,000. Kumfokea kijana kwa shilingi 9 ni hasara, kwa sababu akinuna mteja ataliona.

Bei hiyo ya biashara nitaitumia sura nzima, kwa hiyo tuiweke wazi. Duka, saluni, bucha, mgahawa na karakana ndogo huwekwa na TANESCO kwenye kundi linaloitwa T1. Kwa agizo la EWURA lililoanza Aprili 2016, uniti moja ya kundi hilo ni shilingi 292. Juu yake kuna VAT ya asilimia 18, tozo ya nishati vijijini asilimia 3 na tozo ya EWURA asilimia 1. Ukijumlisha unapata shilingi 356 na senti kadhaa. Siku bei ikibadilika, badilisha namba hiyo moja na hesabu zote zilizomo humu zitaendelea kufanya kazi.

Hapo hapo tuvunje imani moja iliyoshamiri vijiweni, kwamba ukinunua umeme kidogo kidogo unapunjwa. Kwa T1 si kweli. Bei ya uniti ni ile ile, ununue wa 1,000 au wa 50,000. Kinachowachanganya watu ni kodi ya jengo, ambayo tangu Agosti 2021 hukatwa kupitia luku. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa jengo la kawaida, na mwaka 2023 ikawa 1,500. Inakatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi. Anayenunua umeme wa 10,000 tarehe mosi anapata uniti kama 24. Mwenzake anayenunua wa kiasi hicho hicho tarehe kumi na tano, akiwa ameshakatwa, anapata 28, na hapo uvumi unazaliwa. Kwa mpangaji wa fremu kuna jambo la kuongeza: hiyo ni kodi ya mwenye jengo, na ina haki ya kuzungumzwa siku ya kulipa pango.

Anayefanyia biashara nyumbani yuko kwenye hesabu nyingine. Kundi la D1, la matumizi madogo ya nyumbani, hulipa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo kwa uniti 75 za kwanza za mwezi. Baada ya hapo uniti inaruka hadi 350, ambayo ukiongeza makato inakuwa 427, ghali kuliko ya dukani. Uniti 75 kwa mwezi ni mbili na nusu kwa siku. Mama anayegandisha barafu za ubuyu na ukwaju kwenye friza sebuleni anaweza kuzimaliza zote kwa friza hiyo peke yake, na taa, televisheni na pasi ya shule vikaanza kulipiwa bei ya juu. Akipanga bei ya barafu zake kwa kukisia kwamba umeme wa nyumbani ni wa bei nafuu, anauza kwa hasara bila kujua.

Sasa turudi kwa mlaji mwenyewe. Kuna kanuni moja inayotosha kumtambua katika duka lolote bila kuita fundi: chombo kinachotengeneza joto, au kinachohamisha joto kutoka mahali kwenda mahali, ndicho kinachokula. Vinavyotoa mwanga, sauti au picha vinadokoa tu. Pasi, birika, hita ya maji, draya ya saluni, jiko la umeme, oveni, vyote hivi viko kwenye wati 1,000 au 2,000, na vingine zaidi. Friji, friza na kiyoyozi havitengenezi joto, vinalihamisha, nayo ni kazi nzito ya usiku na mchana. Upande wa pili, balbu ya LED ni wati 9, feni wati 50 hadi 75, na kifaa cha kugawa intaneti wati 10 hivi.

Mwangalie fundi nguo. Mota ndogo ya cherehani ya kawaida ni kama wati 100. Pasi iliyo mezani kwake ni wati 1,000, yaani cherehani kumi. Halafu pasi hiyo inawashwa asubuhi na kuachwa ikisubiri, maana hajui lini atamaliza mshono unaotaka kupigwa pasi. Fundi anayekusanya nguo na kuzipiga pasi kwa mikupuo miwili kwa siku anapunguza luku kuliko yule anayefanya kazi gizani ili kuokoa taa. Na taa usiipuuze ukiwa bado una balbu za zamani za waya. Ya wati 60 ikiwaka saa 12 inakula shilingi 256 kwa siku. LED ya wati 9 inayotoa mwanga wa kulingana nayo inakula 38. Hili ndilo badiliko rahisi kuliko yote, na kwa kuwa wengi wameshalifanya, sitalirefusha.

Jambo la pili baada ya wati ni muda. Birika la wati 2,000 linatisha likisomwa, lakini likichemsha maji kwa dakika tano linatumia shilingi 59 tu na kunyamaza. Friji la wati 300 linaonekana pole, ila halilali. Zidisha wati kwa saa, gawanya kwa 1,000, zidisha kwa 356. Hesabu hiyo ibandike ukutani karibu na mita.

Ukitaka kuacha kukisia, isome mita yenyewe. Andika uniti zilizobaki unapofunga jioni, na uandike tena unapofungua asubuhi. Tofauti ya namba hizo mbili ni kile kilicholiwa wakati duka limefungwa, hakuna mteja, hakuna senti inayoingia. Wafanyabiashara wengi hawajawahi kuitazama namba hiyo. Ukikuta usiku unakula karibu sawa na mchana, umeshajua mlaji si vijana wala taa.

Mita pia ina taa nyekundu inayopepesa. Karibu yake pameandikwa namba, kwa mita nyingi ni 1,000 imp/kWh, maana yake ikipepesa mara 1,000 uniti moja imekwenda. Zima kila kitu isipokuwa chombo kimoja, hesabu mipepeso kwa dakika moja, zidisha kwa 60. Kwa mita ya 1,000, jibu ni wati zinazotumika wakati huo. Mipepeso mitano kwa dakika ni wati 300. Ukizima kila kitu, hata friji, na taa bado inapepesa, kuna mahali umeme unavuja au jirani amejiunganisha kwako. Hilo ni la fundi mwenye leseni siku hiyo hiyo, kwa sababu waya unaovuja unaunguza pia.

Friji linastahili kukaa nalo kwa muda, kwani katika maduka ya vinywaji, bucha, maduka ya maziwa na migahawa ndilo linalobeba sehemu kubwa ya luku.

Kompresa ya friji la kioo la kawaida, lile la mlango mmoja, tuseme ni ya wati 300. Haifanyi kazi mfululizo. Inawaka, inafikisha baridi iliyopangwa, inazima, joto likipanda inawaka tena. Friji lililo katika hali nzuri linaweza kufanya kazi nusu ya muda, saa 12 kati ya 24. Hiyo ni uniti 3.6, shilingi 1,282 kwa siku, kama 38,500 kwa mwezi. Sasa libane ukutani, lijaze vumbi mgongoni, liache juani, mpira wa mlango uwe umechoka. Kompresa ile ile, kwa baridi ile ile, itafanya kazi saa 20. Sasa ni uniti 6 kwa siku, shilingi 64,000 na ushei kwa mwezi. Soda hazijawa baridi zaidi. Kama faida yako kwa chupa ni shilingi 100, umeuza chupa zaidi ya 250 kuilipia TANESCO uvivu wa friji lako.

Sababu ni rahisi kuielewa ukigusa mgongo wa friji: ni wa moto. Joto lililotolewa kwenye soda lazima litupwe nje kupitia vyuma vyembamba vya nyuma au vya chini. Vikifunikwa na vumbi na mafuta ya chipsi, joto halitoki, na kompresa inahangaika. Chomoa friji, chukua brashi laini, safisha. Kwa duka la kando ya barabara ya vumbi, mara moja kwa mwezi si nyingi. Liache hewani kwa upana wa kiganja au zaidi kutoka ukutani. Mpira wa mlango upime kwa noti: ifungie noti mlangoni, ivute. Ikitoka kwa ulaini, mpira haubani. Zungusha kipimo hicho pande zote nne, maana mara nyingi huchoka upande wa bawaba au kona ya chini. Wakati mwingine kuuosha tu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kunarudisha ulaini wake. Ikishindikana, mpira mpya ni kitu kidogo mbele ya friji jipya.

Barafu nene ndani ya friza nayo ni adui anayependwa. Watu huiona kama ushahidi kwamba friza ni kali. Barafu hiyo ni blanketi, inazuia baridi isifike kwenye nyama. Ikifika unene wa kidole, yeyusha, na usitumie kisu. Matundu mengi ya gesi kwenye friza za mtaani yametobolewa na wenyewe kwa visu, na gharama ya kujaza gesi inafuta kila senti waliyotaka kuokoa.

Na lile swali la kila mwenye duka: nizime friji usiku? Mafundi wengi watakuambia hapana, kwamba litakula zaidi asubuhi likianza upya. Kwa friji lenye soda, maji na bia tu, wanakosea. Joto huingia kwa kasi kwenye kitu baridi kuliko kwenye kitu kilichokwisha pata joto kidogo, kwa hiyo friji lililozimwa kwa muda wa saa nane za usiku limevuta joto dogo kuliko lililolala likiwa baridi kabisa. Kazi ya kulipoza asubuhi ni ndogo kuliko kazi iliyookolewa. Tofauti si kubwa kama watu wanavyotumaini, lakini ipo, na soda haiozi. Sharti ni kwamba liwashwe mapema, kabla wateja wa saa nne hawajaanza kuulizia baridi, na chupa mpya ziingizwe jioni kabla ya kuzima au alfajiri, zisisukumwe ndani mchana wa jua kali.

Kwa nyama, samaki, maziwa na chakula kilichopikwa, sahau habari hiyo. Kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za sentigredi vijidudu vinazaliana, na mchuzi uliopoa na kupata joto mara mbili tatu unaweza kulaza mtaa mzima. Mwenye bucha anayezima friza usiku kuokoa shilingi mia tano anaweka rehani nyama ya laki kadhaa na jina lake pamoja. Kwake nafuu iko kwingine. Ajaze nafasi tupu ya friza kwa chupa za plastiki zenye maji, zigande. Friza iliyojaa haipotezi baridi yake yote kila mfuniko ukifunguliwa, na umeme ukikatika chupa hizo zinashikilia ubaridi kwa saa nyingi zaidi.

Kuna pia suala la umeme kuwa mdogo, pale jioni taa zinapofifia na kompresa inatetemeka bila kuwaka. Hapo ndipo kompresa nyingi hufa, pamoja na pale umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika. Kile kifaa kidogo cha kulinda friji, kinachosubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme upite, hakipunguzi luku hata chembe. Kinapunguza gharama ya uendeshaji, na mwisho wa mwaka mfuko ni ule ule.

Kisa kingine kinachovunja ujirani ni luku ya pamoja. Jengo lina fremu tatu na mita moja. Ya kwanza ni saluni, ya pili duka la vinywaji, ya tatu fundi simu. Wamekubaliana kuchanga sawa, kwa sababu kugawa sawa kunaonekana ni haki. Fundi simu ana taa moja, feni na kifaa cha kuchomelea cha wati 60. Hata vyote vikiwaka siku nzima havifiki uniti mbili. Mwenye vinywaji ana mafriji mawili. Kila mwezi fundi simu anawalipia wenzake, na kila umeme ukiisha katikati ya wiki yeye ndiye anayeambiwa ana chaja nyingi!

Mgao wa sawa una madhara mengine yasiyoonekana haraka: hakuna anayepata faida kwa kubana. Mwenye friji akibadilisha mpira wa mlango, theluthi mbili ya nafuu inakwenda kwa majirani. Kwa hiyo habadilishi. Dawa ni mita ndogo ya kupimia kwa kila fremu, ile inayofungwa na fundi baada ya mita kuu na kuhesabu uniti bila kuuza chochote. Mwisho wa wiki kila mmoja anasoma yake, wanagawana kwa uniti walizotumia. Umeme wa taa ya nje na choo cha pamoja unagawanywa sawa, na huo kweli ni wa sawa. Mwenye jengo asipotaka kuingia gharama, wapangaji watatu wakichanga mita hizo zitawarudishia fedha yao, na bora waandikiane karatasi kwamba ni mali yao. Wala mwenye jengo asiachiwe kuuza uniti kwa bei yake mwenyewe. Bei imepangwa na EWURA, na risiti ya luku inaonyesha kila senti.

Saluni ina funzo la aina nyingine. Draya ya wati 1,000 kwa dakika arobaini kichwani kwa mteja mmoja ni shilingi 237. Mteja huyo amelipa maelfu. Mwenye saluni anayemtoa mteja kwenye draya nywele zikiwa na unyevu ili kuokoa umeme anapoteza mteja kwa bei ya pipi. Akitafuta nafuu atazame kiyoyozi kinachofanya kazi mlango ukiwa wazi, au hita ya maji inayowaka tangu asubuhi kwa wateja wanaokuja kuanzia saa kumi. Akiweka kiyoyozi kwenye nyuzi 25 na feni ikisukuma hewa, wateja watajisikia vizuri kama kwenye 20, na kompresa itapumua.

Jikoni, kwa mama lishe na wenye migahawa, kanuni ya joto inatoa namba moja ambayo kila mpishi angepaswa kuijua. Kuchemsha lita moja ya maji kutoka joto la kawaida hadi yatokote kunahitaji nishati ya chini ya sehemu moja ya kumi ya uniti, kama shilingi 31 kwa umeme wa T1. Kuigeuza lita hiyo hiyo iwe mvuke kunahitaji mara saba ya hapo, shilingi 223. Kwa hiyo sufuria la maharage linalotokota bila mfuniko, likiongezwa maji kila mara, linachoma fedha kupitia mvuke, iwe ni umeme, gesi au mkaa. Tena maji yanayotokota kwa fujo hayana joto zaidi ya yale yanayotokota polepole. Yote ni nyuzi 100 pale Dar es Salaam. Punguza moto yakishachemka, funika, maharage yataiva kwa muda ule ule.

Nimesema Dar es Salaam makusudi. Mbeya, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi kama 94, na Njombe chini ya hapo. Ndiyo sababu maharage ya nyanda za juu yanasumbua, na ndiyo sababu sufuria la presha lina faida kubwa zaidi huko kuliko pwani. Kuloweka usiku kucha ni bure kila mahali. Sufuria la presha la umeme la wati 1,000, hata lingewaka saa nzima bila kujizima, haliwezi kuzidi uniti moja, shilingi 356. Na linajizima mara nyingi katikati, kwa hiyo halifiki hapo. Linganisha na mkaa unaotumia kwa sufuria moja la maharage, kwa bei ya kopo ya mtaani kwako. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Mazungumzo yake mengi yamekuwa ya gesi. Kwa mgahawa unaopika maharage, makande na nyama ngumu kila siku, mimi ningeanza na presha. Chapati na chipsi ziendelee na moto uliozoeleka.

Mashine ya kusaga nitaipitia haraka, kwa kuwa wenye mashine wanaijua kuliko mimi. Mota ya kilowati 15 ikifanya kazi kwa nguvu zote saa sita ni uniti 90, zaidi ya shilingi 32,000 kwa siku. Hapo kila dakika ya kunguruma bila mahindi ndani ni pesa. Subiri madebe yakusanyike ndipo uwashe. Nyundo zilizolika, chekeche lililoziba na mkanda unaoteleza huongeza muda wa kusaga debe lile lile, na mahindi yasiyokauka vizuri ni mabaya kuliko vyote hivyo. Mwenye mashine anayemrudisha mteja akaanike si mkorofi. Kwa wale waliokua hadi kuzidi uniti 7,500 kwa mwezi na kuhamishiwa kundi la T2, uniti inashuka hadi shilingi 195, lakini inakuja tozo ya 15,004 kwa kila kVA ya kilele cha matumizi ya mwezi. Mota ya kilowati 15 yenye mpangilio mbaya wa umeme, ule mafundi wanaouita pawa fakta, ikiwa 0.7 inahesabiwa kVA 21.4. Ikirekebishwa kwa kapasita hadi 0.95 inakuwa kVA 15.8. Tofauti hiyo ni zaidi ya 80,000 kwa mwezi kabla ya kodi, kwa mota moja. Muulize fundi wako, na akibabaika tafuta mwingine.

Yanabaki majenereta na sola. Mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115 kule Rufiji, ilianza kuingia kwenye gridi mwaka 2024, baada ya mgao uliotesa biashara mwishoni mwa 2023. Lakini umeme kukatika mtaani kwa sababu ya nguzo au transfoma hakutegemei bwawa, na watu hawajatupa majenereta yao. Jenereta ndogo ya petroli ikifanya vizuri inatoa kama uniti mbili kwa lita. Lita ikiwa shilingi 3,000, uniti ni 1,500, mara nne ya TANESCO. Iwashe kwa ajili ya nyama na wateja waliokwisha keti, kisha uizime.

Paneli moja ya sola ya wati 400, kwa jua letu, inaweza kutoa kama uniti moja na nusu kwa siku, wastani wa mwaka. Hiyo ni shilingi 534 ya T1, kama 16,000 kwa mwezi. Gawanya bei uliyotajiwa ya paneli na vifaa vyake kwa 16,000, utapata miezi ya kurudisha fedha yako, na muuzaji hatakuwa na la kubishana. Kinachoharibu hesabu hiyo ni betri. Betri ya kawaida ya maji, ya volti 12 na 100 Ah, usipotaka kuiua mapema, inakupa uniti 0.6 kwa mkupuo, yaani umeme wa shilingi 214, nayo ukiitesa haimalizi miaka mingi. Kwa duka lililo mjini lenye umeme wa TANESCO, sola yenye maana ni ile inayotumika jua likiwaka: friji mchana, feni mchana, cherehani mchana, na usiku ukarudi kwenye luku bila betri kubwa. Duka la kijijini lisilofikiwa na nguzo lina hesabu tofauti, kwa sababu pale betri inashindana na mafuta ya petroli.

Kabla ya kupandisha paneli kwenye paa la fremu ya kupanga, mkataba useme kwamba ni yako na kwamba utaishusha ukihama. Wapangaji wengi wamewaachia wenye nyumba sola nzima kwa kukosa mstari mmoja wa maandishi.